Mkate Usio na Ngano

Profesa aliposikia fundi cherehani akilalamika kwamba mkate unamjaza gesi, wala hakumpa pole. Alimwambia anyooshe mkono, akamfumbatisha punje za ngano kwenye mkono wa pili, kisha akaukandamiza ule ulionyooshwa. Ukashuka. "Umeona? Mwili wako unaikataa ngano." Na profesa huyu, tuelewane, chuo alikijua kwa kupita getini tu.

Wiki hiyohiyo shemeji yake Profesa, mjane wa kaka yake, mwenye duka la mikate, akaanza kuuza mkate usio na ngano kwa bei mara tatu. Ulikuwa mkate uleule wa ngano, ila umefungwa karatasi ya kijani. Profesa akawapima watu mikono mlangoni, shemeji akawauzia, na watu wakapona. Fundi akalala usingizi, mwalimu mstaafu akapona magoti. Muuguzi aliyethubutu kuuliza kipimo hicho kimethibitishwa wapi alizomewa na foleni nzima.

Shemeji akatafakari. Foleni inajileta yenyewe, Profesa wa nini tena? Akamwambia ahame chumba cha nyuma ya duka kabla ya Ijumaa, anataka kuweka tanuri la pili. Profesa akabembeleza, akamtajia hadi marehemu, akagonga mwamba. Hasira zikampanda: kama ni kukosa, basi tukose sote.

Ndipo mtu aliyekuwa hajasema kweli tangu aote meno akaupeleka mkate maabara. Jibu likaja na mhuri: ngano tupu. Ijumaa asubuhi akasimama mbele ya foleni, karatasi mkononi, akaungama yote, hata kwamba mikono ile ilishuka kwa sababu yeye aliongeza nguvu.

Walimsikiliza kwa huruma. Mwalimu mstaafu akaisoma karatasi mpaka mwisho, maana ni msomi, akamrudishia.

"Mwanangu, hii karatasi imewahi kuumwa tumbo? Mimi magoti yangu nayajua."

"Lakini mwalimu, nilikudanganya."

"Ulinisaidia. Sasa ni wewe usiye sawa. Siku hizi unakula nini?"

"Mkate," Profesa akajibu. "Wa kawaida."

Foleni ikaguna. Loo, masikini, kumbe ngano imempanda kichwani! Wakampisha mbele. Shemeji akampa pole, akamkabidhi mkate wa karatasi ya kijani, akamtoza bei kamili. Profesa, begi begani na chumba hana, akaula wote palepale kando ya barabara kwa njaa. Na kilichomuuma kuliko kufukuzwa ni kwamba tumbo lilitulia kweli.