Samaki Wangu wa Mti

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Wenzangu wanapumzika, mimi natafuta ndoa yangu. Mke wangu Devota bado yuko kwa baba yake, Kisanga. Leo mdogo wake, Yared, kaniletea ujumbe: Jumamosi mzee Bonifas atakuja naye hapa Kidodi, aone kama mkwe wake ana jambo hata moja aliloanza likafika mwisho. Likiwepo, Devota anabaki. Lisipokuwepo, anarudi na baba yake.

Hata moja! Kuniambia mimi, fundi seremala ambaye sikurithi hata nyundo! Ni kweli kware niliowafuga walikufa. Ni kweli tanuri la matofali lilipasuka. Hiyo ni bahati, si tabia.

Jibu limetoka kwenye simu. Mzungu anatupa mtoni kipande cha mti chenye umbo la samaki. Kinaelea, kinatikisika, samaki mkubwa anaruka na kukidaka. Hakuna mnyoo, hakuna tope. Basi! Mzee atakula samaki aliyenaswa kwa mti niliouchonga mwenyewe.

Jumanne, 8 Julai

Nimechonga wa mpingo. Kitu cha heshima hakichongwi kwa mti wa ovyo. Sentimita kumi na nne, macho ya vichwa vya misumari, ndoana chini ya tumbo. Nikashuka mto Ruaha, nikatupa. Ukazama kama shoka.

Sielewi. Yule wa kwenye simu alielea!

Yared alikuwepo na kopo lake la minyoo. Akauliza kama nimeutuma ukawabishie hodi samaki huko chini. Ni shemeji, ana ruhusa ya kunitania. Mimi sina ruhusa ya kukasirika. Sheria hii aliitunga nani?

Jumatano, 9 Julai

Nimehamia msufi. Urefu uleule, uzito robo. Unaelea! Ila unaelea kwa ubavu, kama samaki aliyekula sumu. Yared akatoa pole, akauliza maziko saa ngapi.

Nimepiga misumari miwili tumboni. Umesimama wima. Rangi ilikuwa imeniishia, nikapaka ile nyekundu ya kucha ambayo Devota aliiacha dirishani. Umependeza kupita kiasi.

Alhamisi, 10 Julai

Umependeza kupita kiasi. Nimetupa mara ya kwanza, furukombe akashuka, akaubeba, akakata na mshipi. Nikabaki nimeshika kijiti.

Sasa hii ni kushinda au kushindwa? Kitaalamu, umevutia mlaji wa samaki. Yared anasema niandae ndege wa kuchoma.

Ijumaa, 11 Julai

Wa pili wa msufi, rangi ileile. Asubuhi nzima mtoni. Hata dagaa hakugeuza shingo. Hatua kumi kutoka kwangu Yared kavuta kambale wa sentimita sabini na moja. Kwa mnyoo! Samaki wa mto huu hawana elimu.

Nikamwomba Yared anipe yule kambale. Akasema atanipa bure, nimwamkie tu. Mimi nimemzidi miaka tisa! Nikatazama juu ya mto, nikatazama chini. Hakuna mtu, ila lori la miwa barabarani. Nikasema shikamoo.

Akajibu: "Marahaba mwanangu. Soma kwa bidii."

Nyumbani nikausukumiza mti wangu mdomoni mwa kambale, uwe ushahidi. Ndoana zikashika kooni. Nimevuta kwa koleo, hautoki. Sawa, ubaki. Ushahidi ni ushahidi.

Jumamosi, 12 Julai

Wamefika. Nilipika mwenyewe, nazi ya kutosha. Mzee alionja, akasifu. Nikaeleza jinsi kambale alivyoruka juu ya maji kuukimbilia mti wangu. Mzee akauliza tangu lini kambale, mkaa matopeni, anaruka. Nikasema huyu alikuwa bado kijana. Devota akatabasamu. Nilikuwa nashinda!

Kisha adabu ikaniponza. Kichwa cha samaki ni cha mkubwa. Kila mtu analijua hilo. Nikampakulia mzee kichwa kizima, kwa mikono miwili.

Mzee akaacha kutafuna. Akaingiza vidole, akatoa ndoana moja mdomoni, halafu nyingine, halafu samaki mwekundu aliyebabuka nusu. Mdomo ulitoka damu kidogo tu, si ya kusemwa. Akamgeukia binti yake, akamuuliza kama rangi ile anaifahamu. Anaifahamu.

Yared akaanguka kutoka kwenye kigoda kwa kicheko. Akatoboa yote: kambale wa nani, mnyoo wa nani, hata shikamoo. Mzee akafuta mdomo, akasema: "Mkwe, safari hii kweli jambo limefika mwisho. Umenasa. Ila umeninasa mimi."

Jumapili, 13 Julai

Wameondoka wote. Devota kacheka toka mlangoni mpaka kwenye bodaboda, machozi yakimtoka, lakini kapanda. Chupa ya rangi ya kucha kaibeba. Viatu vyake vya kanisani kaviacha chini ya kitanda. Maana yake nini? Nimewauliza majirani wawili, wamenipa majibu matatu.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, bila hasira, kosa langu liko wapi. Nimeliona. Liko kwenye vipimo. Sentimita kumi na nne ni ndogo mno.

Nimeshakata gogo jingine la msufi. Huyu atakuwa wa sentimita arobaini. Haingii kinywani mwa mkwe yeyote.