Nilitengeneza Breki Bila Kumwambia Mama Mkwe

Jamaa zangu, leo nimeaibika kwa wakwe huko Myanga, na kabla hamjasikia kwa wengine, wacha niseme mwenyewe.

Mnaijua gari yangu. Ni kagari kadogo, injini kimya, lakini breki zake zimekuwa zikilia miezi mingi. Nikikanyaga hapa Kitale, watu wa ng'ambo ya barabara wanageuka. Leo tulikuwa tunaenda kwa wakwe, na nikaapa kwamba safari hii nitaingia pale kama mtu wa heshima. Nimechoka kufika kwa watu nikitanguliwa na kelele.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwa Fundi Barasa pale Matisi, na mafuta ya kupikia kwenye chupa ya soda. (Ndiyo, ya kupikia. Endeleeni tu kusoma.)

Barasa akaitazama chupa, akanitazama mimi. "Sasa hiyo ni ya kukaanga mandazi ama ni ya breki?"

"Nataka unipakie kidogo tu pale inapolia."

"Ukipaka hapo, kulia itawacha. Na kusimama pia itawacha. Utapita kwa wakwe ukiwapungia mkono, ufike Malaba mpakani."

Akafungua gurudumu akanionyesha. Padi, zile zinazobana diski ya gurudumu, zilikuwa zimeisha kabisa, chuma kinakula chuma. Akaniambia kuna kachuma kamewekwa hapo makusudi ili kapige kelele padi zikiisha. "Hii gari imekuwa ikikuongelesha, wewe unaongeza tu sauti ya redio." Na kweli, ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

Akabadilisha padi zote za mbele, akasafisha diski, akapaka grisi yake maalumu nyuma ya padi, mahali ambapo haigusi diski. Halafu akanizungusha kwenye uwanja mtupu, nikanyage polepole mara kadhaa, kabla hajaniruhusu kuingia barabarani. Gari ikasimama kimya. Nilifurahi sana. Mke wangu Nasimiyu alipopanda akasema hata hajui kama ni gari yetu.

Tukapita Kimilili, tukapita Bungoma mjini, na kila kwenye matuta nilikuwa nikikanyaga breki zaidi ya inavyohitajika ili tu nisikie ule ukimya.

Sasa, kwa wasiotoka huku kwetu: mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hamshikani mikono, hamkai chumba kimoja, na mmoja akisikia mwenzake anakuja, anapisha. Miaka mitatu nimeoa pale, na mama yule sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "karibuni" kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni. Nilidhani ni mtu mkimya.

Geti lilikuwa wazi. Boma lina mteremko, gari ikaingia yenyewe, nikakanyaga breki nyuma ya ua wa maua. Kimya kabisa. Mbele yetu, hatua kama kumi, akina mama wa kanisa walikuwa wameketi wakichambua maharagwe. Katikati yao alisimama mama mkwe, ametupa mgongo, ameshika kifuniko cha sufuria kwa mikono miwili kama usukani.

"Iiiiiiii," akalia.

Ilikuwa gari yangu. Hata pale mwisho inapokatika kidogo, aliigiza sawasawa.

Akashuka kwenye gari yake ya hewani. Akapandisha suruali asiyokuwa nayo. Akafuta kiatu nyuma ya mguu, kushoto, kulia. Akazunguka gari akapiga gurudumu teke dogo. Halafu kwa sauti yangu: "Habari za hapa, habari za hapa." Akina mama walikuwa wanafuta machozi kwa leso. (Hivi mimi husema mara mbili? Nasimiyu anasema ndiyo.)

Kisha akasema, "Lakini msicheze na mkwe wangu. Ana adabu, huyo. Mwingine si angekuwa ametengeneza hiyo breki kitambo? Yeye ameiwacha ilie, ndio mimi nisikie akiwa bado kwa barabara, niingie jikoni polepole. Hiyo ni heshima, bana."

Nilitamani ardhi ipasuke, mimi na padi zangu mpya tuingie. Kumbe kile nilichokionea haya ndicho kilichonipa jina pale. Na nilikuwa nimetoka kukitupa kwenye debe la Barasa asubuhi hiyo hiyo. Akigeuka sasa hivi, adabu yangu yote imeisha, na yake pia.

"Rudi nyuma," Nasimiyu akanong'ona huku ameuma kitambaa asicheke.

Nikarudi hadi getini, polepole. Pale akili ikaniruka. Nikashusha kioo, nikatoa kichwa nje, nikalia kwa mdomo wangu mwenyewe, mtu mzima mwenye watoto wawili: "Iiiiiii."

Nilisikia kifuniko kikianguka, kisha mlango wa jikoni ukafungwa. Nikashukuru Mungu. Nikaingia tena, nikaegesha, nikashuka nikiwa nimejikaza. Sikuthubutu kufuta kiatu. Akina mama wote walikuwa wameinamia maharagwe, mabega yanatetemeka.

Baadaye, tukiwa tunakula sebuleni na baba mkwe, jirani yao Mama Wekesa akaja na ujumbe kutoka jikoni. Alijaribu kusimama kama mtu aliye kanisani.

"Mama anasema asante kwa kutengeneza breki, maana binti yake na wajukuu wanapanda hiyo gari. Amefurahi sana. Ila anauliza, honi nayo iliharibika?"

Honi ni nzima, jamaa zangu. Iko katikati ya usukani. Tafadhali msicheke.