Wigi Langu na Foleni ya Sukari

Rafiki zangu,

Leo nimevuliwa nywele hadharani. Mwandiko ukitetemeka, ni hasira, si ugonjwa.

Mnajua dawa za saratani zimenimaliza nywele zote. Ninyi wawili tu ndio mlijua. Wanafunzi wangu hawakujua, na nilitaka wasijue kamwe. Mwezi mzima nimejifunga kilemba. Kisha muuguzi akaniambia, "Mwalimu, dawa ni nusu tu. Nusu nyingine ni uso wa furaha. Jipambe!" (Yeye ana nywele mpaka mabegani.)

Basi asubuhi nikavaa wigi aliloniletea dada yangu kutoka Dar es Salaam. Nikajitazama kwenye kioo. Nikatabasamu. Nikaenda zangu duka la ushirika kupanga foleni ya sukari.

Nilikuwa mtu wa saba. Wakaja vijana watatu, walinzi wa maadili. Wiki hii wanasaka sketi fupi, suruali za kubana na wigi.

"Dada, vua hiyo kasumba ya kizungu!" akasema mmoja nyuma yangu.

"Sivui."

"Mwafrika halisi anajivunia nywele zake!"

"Na asiye nazo je?"

Hakungoja (kufikiri si zamu yake). Akavuta. Likatoka lote, kama ganda la korosho iliyochomwa. Upepo ukanipiga utosini.

Nikageuka. Salumu! Niliyemfundisha darasa la nne!

"Shikamoo, mwalimu," akasema, wigi mkononi.

"Mwana we!" akafoka bibi mmoja wa kijiji cha Mahurunga. "Umemvua mwalimu wa watu kichwa!"

Hayo niliyavumilia. Yaliyofuata ndiyo yameniua. Huruma! Watu wakanisukuma mbele ya foleni. Muuza duka akanipimia sukari huku anatazama dari. Na wote kwa pamoja: "Jipe moyo, mwalimu! Tabasamu!"

"Moyo ninao!" nikapiga kelele. "Nipeni nywele!"

Salumu akanivisha mwenyewe, kwa adabu zote, nyuma ikawa mbele. Nikatembea hivyo hadi nyumbani, Magomeni yetu ya huku, wigi limenifunika macho, kwa hasira hata sikuligeuza. Watu wananisalimia, mimi naitikia nisiowaona.

Siri imekwisha. Kesho naingia darasani na kipara changu. Ninyi chekeni, kama ni lazima. Ila wa kwanza kuniambia nitabasamu, naye nitamvua kitu.