Babu wa Nne Hatajwi

Jumatatu, 9 Aprili 2012

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Shangazi Adit, ninayekaa kwake hapa Gurei, Juba, hufungua kila kitu changu, hata bahasha ya mshahara. Kiarabu anasoma, Kidinka anasoma, Kiswahili hapana. Miaka kumi na tisa niliyokulia Nakuru imenipa faida hiyo moja.

Habari kubwa: namwoa Adeng! Mimi nimekubali, yeye amekubali. Aliyebaki ni baba yake mkubwa, Mzee Anyieth, anayeshika nyumba yao kule Lemon Gaba tangu babake Adeng afariki. Ametuma neno kwamba Jumamosi niende na mtu mzima wa kwetu, nikae mbele ya wazee, nitaje mababu zangu saba.

Saba! Mimi ninao watatu.

Na kuna Agum. Agum naye anamtaka Adeng. Jana, Pasaka, alimpelekea Mzee jerikeni nzima ya petroli. Juba yote inalia benzin mafi, hakuna petroli, yeye anaitoa zawadi! Wanasema pia anajua mababu kumi na wawili na anawataja bila kuvuta pumzi. Mtu wa kujionyesha tu.

Jumanne, 10 Aprili

Nimemhoji Shangazi akiwa anatwanga karanga. Baba yangu, sawa. Babu Chol, sawa. Babake Chol ni Bul, sawa. Babake Bul? Akasema nikateke maji. Nikateka, nikauliza tena. Akasema hayo maji hayatoshi. Nikaenda tena. Mara nne! Pipa limefurika, babu hajapatikana.

Mwishowe akaweka mchi chini akasema huyo wa nne hatajwi, na nikiwa na adabu hata kidogo nitaacha kuuliza.

Hatajwi! Basi alikuwa mwizi wa ng'ombe. Au mchawi. Mimi, kijana msomi, msimamizi wa stoo ya maji ya chupa, mjukuu wa mchawi! Chakula cha jioni kimenishinda. Nimekula sahani moja tu.

Redio inasema jeshi letu limeuteka mji wa mafuta kule mpakani. Majirani wamepiga vigelegele. Foleni ya petroli imezidi kuwa ndefu.

Jumatano, 11 Aprili

Siku ya utafiti. Nimempigia binamu aliyeko Eldoret, akasema muulize Shangazi. Nimemfuata mzee mmoja wa kanisani anayetoka upande wetu, akanitazama kwa huruma, akasema muulize Shangazi. Nimempigia ami yangu aliyeko Bor. Simu ilikatika mara sita, ya saba ikashika vizuri kabisa. Muulize Shangazi.

Kumbe nalala nyumba moja na makavazi ya taifa na milango imefungwa.

Alhamisi, 12 Aprili

Nimepata! Mwenye akili hakosi njia.

Pale soko la Jebel kuna Mganda mmoja, Erisa, ana kibanda cha kompyuta. Anachapa barua za kazi, kadi za harusi, vitabu vya mazishi. Nimemweleza shida yangu. Akacheka, akasema watu wa Juba bwana, kwao Masaka babu mmoja anatosha. Halafu akafungua kompyuta akanionyesha ukoo mzima, umechorwa kama mti, ulikuwa ndani ya kitabu cha mazishi ya mzee fulani. Juu kabisa yuko Malek, mwenye wake tisa, aliyewafukuza askari wa Waturuki kwa mkuki mmoja na matusi mengi. Huyo ndiye babu! Nimeuliza ukoo wa nani. Akasema mteja wa mwaka jana, jalada lenye jina na picha alishalifuta.

Pembeni, ngazi tatu chini ya Malek, kulikuwa na mtoto aitwaye Achuoth. Hakuna kitu chini yake. Erisa akaweka kidole hapo. Akasema, "Huyu hapana iko na watu. Wewe ingia hapa."

Nikaingia. Bul amekuwa mwana wa Achuoth. Ametoshea vizuri, utadhani alisubiriwa.

Ijumaa, 13 Aprili

Balaa! Umeme hakuna, na jenereta ya Erisa imekauka. Kuchapa haiwezekani mpaka petroli ipatikane. Nimezunguka Jebel yote na chupa ya soda. Mafi. Mafi. Mafi.

Hapa mjini mwenye petroli ni mmoja. Nimemeza kiburi, nikaenda kwa Agum. Nikamwambia Shangazi ni mgonjwa sana, anahitaji kupelekwa hospitali. Agum alishtuka kweli. Akanijazia chupa, akaongeza ya pili, akauliza kama nahitaji msaada wa kumbeba. Nachukia watu wa namna hiyo.

Ukoo umechapwa. Erisa ameuvalisha plastiki, unang'aa. Sasa nani atabisha?

Jumamosi, 14 Aprili

Nimekwenda peke yangu. Shangazi nisingeweza kumchukua, angeharibu mambo kwa kusema kweli. Nikawaambia wazee anaumwa. Ukishakuwa na uongo mzuri ni ubadhirifu kuutumia mara moja.

Wazee watano, viti vya plastiki, chai. Adeng alisimama mlangoni na kanga mpya, akanikonyeza. Nikasimama, nikataja wote saba mpaka Malek na mkuki wake, kisha nikamkabidhi Mzee Anyieth ile karatasi. Akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena.

Akalia! Mzee mzima, mbele za watu. Akanikumbatia, akapaza sauti kwamba Achuoth amerudi nyumbani. Wanawake wakapiga vigelegele, mbuzi akakamatwa. Nikapewa maini. Nikajiambia, Ayuel, wewe ni moto.

Nilikuwa kwenye kipande cha tatu Mzee aliposimama kueleza. Malek ni babu yao wa kale. Achuoth alikuwa ndugu wa babu yake Mzee, alifuata ng'ombe waliopotea akiwa kijana na hakuonekana tena. Mama yake alikufa akitazama njia. Tangu hapo kila mtoto wa nyumba hiyo huagizwa kwamba akisikia habari za watu wa Achuoth awalete nyumbani. Kile kitabu cha mazishi kilikuwa cha babake Mzee Anyieth mwenyewe!

Kisha akamwita Adeng aje amsalimie kaka yake.

Kumbe mababu huulizwa ili kuona kama damu zinakutana! Kwa nini hakuna aliyeniambia? Mimi nilidhani ni kama kuomba kazi, unaweka wadhamini wazito. Damu zikikutana, ndoa hakuna. Mwiko. Khalas.

Adeng alinipa mkono. Ulikuwa baridi. Maini niliyamaliza kwa sababu walikuwa wananiangalia.

Jumapili, 15 Aprili

Agum amekuja na ndizi kumjulia hali mgonjwa. Mgonjwa alikuwa juu ya kiti anafagia utando wa buibui.

Agum alipoondoka, Shangazi alinikalisha chini, nikaungama yote. Nilingoja kofi. Hakunipiga, na hilo liliniuma zaidi. Aliniambia habari za babu wa nne.

Hakuwa mwizi. Hakuwa mchawi. Hajulikani. Bul aliokotwa njiani akiwa mtoto wa miaka mitatu hivi, mwaka wa njaa, ameketi peke yake ameshika kibuyu kitupu. Jina lake alilijua, la baba yake hapana. Watu wa nyumba yetu wakamchukua, wakampa ng'ombe kama watoto wao, wakaapa kwamba hakuna atakayemwuliza yeye wala wanawe baba yake alikuwa nani. Ndiyo maana hatajwi. Shangazi akasema hiyo si aibu, ni ahadi, na imetunzwa mpaka nilipofika mimi na plastiki yangu.

Nimelia. Naandika hivyo hivyo, nimelia sana, kwa ajili ya yule mtoto na kile kibuyu.

Halafu akaongeza kwamba angeenda nami Jumamosi angemnong'oneza Mzee Anyieth, kama wakubwa wanavyofanya. Wazee wangeridhika, nami ningekuwa na mke kabla ya Pentekoste. Nikalia upya, safari hii kwa ajili yangu.

Jumatatu, 16 Aprili

Nimetembea kwa miguu kutoka Gurei hadi Lemon Gaba, boda hazina mafuta. Nimemwambia Mzee Anyieth ukweli wote, hata bei ya plastiki. Akacheka, akanipigapiga bega. Akasema watu wa Achuoth walikuwa na haya tangu zamani. Bibi mmoja wa miaka tisini akanivuta masikio yote mawili, akaapa kwamba ndiyo ya Achuoth kabisa. Bibi! Achuoth alipotea kabla hujazaliwa! Habari zimeshafika kijijini na ng'ombe amechinjwa huko.

Shangazi naye alikuja jioni kunitetea. Mzee akamsikiliza kwa heshima zote, kisha akamwambia taratibu kwamba mama mmoja alikufa akitazama njia, na yeye hatakuwa mtu wa kumfukuza mwanawe mara ya pili.

Adeng ndiye pekee aliyeniamini. Tulisimama nyuma ya jiko. Akasema angenichukua na mababu watatu na pengo. Akauliza mbona sikumwamini hata kiasi cha kumwambia ninao watatu tu. Akasema hawezi kuolewa bila baraka za wazee, na wazee wamekwisha sema. Akafuta macho, akaniita kaka, akaingia ndani. Hakuwa anatania.

Nampenda. Sijui niweke wapi jambo hili.

Jumatano, 18 Aprili

Mzee Anyieth amenipigia. Watu wa Agum wanakuja Jumamosi. Mimi, kama kaka wa bibi arusi, nitakaa upande wa nyumba, na ng'ombe wangu mmoja wa mahari nimeshatengewa. Isitoshe, kwa kuwa wazee wote wameuona ustadi wangu wa koo, nimepewa kazi ya kuwachunguza mababu wa Agum, nione kama damu inakutana na yetu popote.

Nimetafakari kwa dhati. Makosa yangu nimeyaona yote, naahidi mbele ya Mungu kutorudia: mababu zangu sitawagusa tena, wapumzike.

Kesho naanza na wa Agum. Wako kumi na wawili, sitakosa mmoja wa kumpeleka kwa Malek.