Ombi la Kuwatenganisha Makapteni Wawili Mliowapanga Pamoja

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya Kuwapangia Madaktari Wanajeshi Vituo vya Ubingwa,

Nawasalimu nyote, na zaidi yule anayefungua bahasha, maana najua ndiye anayesoma kweli.

Mimi ni Delbert Hruska wa Hallettsville, Texas, mjomba wa Kapteni Leanna Pruitt, anayesomea upasuaji katika hospitali yenu hapa San Antonio. Shule niliishia darasa la tisa, ambalo nililipenda hadi nikalirudia. Lakini msinidharau. Ni mimi niliyemvua yule kambare aliyeivuta pikapu yangu mpaka mtoni huku nimeweka gia ya kurudi nyuma. Mashahidi wapo, ingawa wawili wamefariki na wa tatu ana kinyongo.

Mlipokaribia kutangaza majina, ukoo mzima ulikaa roho mkononi. Tulishasikia ya wenzao: mke kapelekwa Hawaii, mume jimbo la Washington, ndoa ikawa ya simu. Leanna na mumewe, Kapteni Desmond Pruitt, anayesomea tiba ya watoto, waliomba wapangwe pamoja. Mkawakubalia. Hospitali moja, nyumba moja. Dada yangu Rosalie, mama yake Leanna, alilia kwa furaha hadi mikate ikaungua. Nami naandika kulalamikia wema wenu huo huo.

La kwanza. Hawa watu hawaonani. Mliwapa mahali pamoja, hamkuwapa saa pamoja. Leanna ana zamu ya usiku, Desmond ya mchana. Mmoja akiingia kwa mlango wa mbele, mwenzake keshatokea wa nyuma. Kitanda chao hakipoi, lakini hakijapata kubeba watu wawili. Nina hakika, kwa kuwa nalala kwenye kochi la sebuleni, ana kwa ana na mlango wa chumba chao, na usingizi wangu ni mwepesi: sungura akijikuna kwa jirani, nimeamka. Nilikuja Julai, kwa wikendi moja, kuwasaidia kubeba friji. Nilipoona hali yenyewe nikasema siwaachi, na sasa ni Machi.

La pili. Nimegeuzwa simu. Alfajiri Leanna anarudi amechoka, ananiambia, "Mjomba, mwambie Desmond akimaliza maziwa asirudishe boksi tupu kwenye friji. Daktari wa watoto, na yeye mtoto!" Jioni namfikishia. Desmond naye, "Mwambie mpwa wako aliyeacha buti mlangoni ni yeye. Nimeanguka na sahani mkononi."

"Nimwambie kwa sauti gani?"

"Kali kidogo. Halafu mwambie nampenda."

"Hilo mwambie mwenyewe, bwana. Mimi nina sharubu!"

Lakini nitafanyaje? Asubuhi nikafikisha. Leanna akaniuliza, "Alilisemaje hasa, Mjomba? Hebu igiza." Nikaigiza. Waheshimiwa, nimemtamkia mpwa wangu mahaba ya mwanamume mwingine nikiwa nimeshika soseji. Naye alicheka kupita kiasi, kicheko cha mtu aliyekata tamaa.

La tatu, na hapa sitanii. Rosalie hunipigia kila Jumapili. "Delbert, kuna dalili?"

"Dalili ya nini?"

"Usinizuge. Ya mjukuu."

Namjibu ukweli: "Dada, watu hawapati mtoto kwa kuachiana ujumbe kwenye friji." Jumapili iliyopita kaniambia ile kofia ndogo ya sufi aliyoanza kuifuma ameifumua yote. Rosalie hajawahi kufumua kitu maishani mwake, hata pale alipofuma sweta ya mikono mitatu.

La nne ni dogo, ila liandikwe. Nina trela langu la kulala, nimeliegesha ubavuni mwa nyumba, ingawa silali humo, kochi ni laini zaidi. Tangu Desemba rakuni, yule mnyama mwizi mwenye mkia wa mistari, anaingia humo kila alfajiri, saa za kubadilishana zamu. Anakula kolachi zangu, vile vimkate vitamu vya aprikoti. Anaacha ukungu kwenye kioo cha dirisha. Kisha, na hapa ndipo nilipostaajabu, anatandika kitanda, kona zimekunjwa sawasawa kama za kambini. Rakuni wa Hallettsville hawajafika huko. Nadhani ni kwa kuishi karibu na jeshi. Nimefunga makopo matupu kwenye mlango wa trela, akigusa tu nitamsikia, nami nitamfundisha adabu kwa ufagio.

Tano: ombi langu. Watenganisheni. Msishtuke. Binamu yangu Emmett alifanya kazi kwenye mtambo wa mafuta baharini, akirudi nyumbani mara chache, na mkewe Verna alimzalia watoto sita. Alipostaafu wakakaa pamoja kutwa, Verna akamnunulia mashua na kumwambia asirudi kabla ya giza. Mnaona? Ukaribu ndio umewatenga, basi umbali utawaunganisha. Mpelekeni Leanna Hawaii na Desmond Ujerumani. Wakiwa mbali watapewa likizo, na wakiwa likizo wataonana. Tena ningekuwa mimi mkuu wa majeshi, ningeamuru kila mwanajeshi aliyeoa awekwe nchi nyingine na mwenzake, na ndani ya mwaka mmoja mngekosa vitanda wodi ya wazazi.

Nisalimieni jenerali wenu, wapishi, walinzi wa getini (yule mnene ananifahamu), na yeyote atakayekuwa amesimama karibu.

Wenu mwenye heshima nyingi na usingizi mdogo,

Delbert Hruska

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha. Leo alfajiri makopo yakalia. Nikatoka na ufagio, nikausukuma mlango wa trela, nikapiga kelele, "Toka nje, mwizi!" Walikuwemo makapteni wenu wawili, na kolachi moja kati yao.

"Mjomba, si upige hodi!" Leanna ananiambia mimi, kwenye trela langu.

"Mnafanya nini humu na nyumba mnayo?"

Desmond akatazama chini. "Kochi lako linatazama mlango wetu, Mjomba. Na unakoroma, lakini jicho moja huwa wazi."

Ndipo nikaambiwa na lile lingine. Mtoto ni wa Septemba.

Kwa hiyo futeni la kwanza, la tatu, la nne na la tano. La pili liacheni, maana kumbe walikuwa wakikutana humo na kunicheka kwa mahaba niliyokuwa nawabebea. Msiwapeleke popote. Barua nawatumia hivyo hivyo kwa kuwa imetoka vizuri mno kuitupa. Mimi nimehamia kwenye trela, wao nimewarudishia nyumba. Rosalie nimempigia, ingawa si Jumapili. Kabla sijamaliza nikasikia akivuta droo ya sufi.

Mkiulizwa ni nani aliyewaweka pamoja, semeni Bodi kidogo, trela la Delbert zaidi.