Kiungo cha Taya Kilichopimwa kwa Shemeji Yangu

Mtoni, Temeke
Jumanne, 11 Julai 1978

Ndugu Daktari wa Mataya,

Pokea salamu nyingi kutoka Mtoni, zote zimepita katikati ya meno yaliyofungwa. Mie ndiye Gregori Chilumba, yule aliyeanguka na baiskeli akimfundisha mwenzake namna ya kutoanguka. Kiungo cha taya kikasagika, na tangu hapo mdomo wangu haupitishi kitu kinene kuliko mrija. Hasara hii ni ya taifa zima. Mie nimefika Bombei kwa meli, na watu wa huku walikuwa hawajamaliza kusikia.

Mliniahidi kiungo cha chuma, kitengenezwe ng'ambo kwa vipimo vya mwenyewe. Siku ya kupimwa nilikuja na Kasiani, ndugu wa mke wangu Yustina, anishikie nafasi kwenye foleni wakati mie niko nje na uji wangu. Kasiani ndiye hunishikiaga foleni ya sukari, na zamu ikifika huchukua. Basi mlipoita "Gregori!" akaitika, asipoteze nafasi. Mkampiga picha, mkampaka plasta, mkaagana. Nilipomwuliza, "Wamekupa nini?" akanijibu, "Bado. Wamesema miezi mitatu." Nikaona sawa, hata sukari huchelewa.

Sasa chuma kimefika, na malalamiko yangu ni haya:

1. Hakinienei. Taya la Kasiani ni jembamba kama la mbuzi, langu ni pana, la msemaji. Na kwa heshima zote, Daktari, nyie wasomi hamkushangaa? Mgonjwa wa taya lililoganda anaasama mpaka mnaona kilichomo tumboni, nanyi mnaendelea kumpaka plasta!

2. Chuma hicho ni mali ya umma. Kimenunuliwa kwa fedha za kigeni, na sasa kimelala kabatini wakati wananchi wanajenga taifa. Kitu kulala bila kazi ni unyonyaji, hata kama ni kitu kidogo.

3. Kwa hiyo apasuliwe Kasiani. Nimelifikiria sana jambo hili. Ni kweli taya lake ni zima, lakini hiyo ni hali inayoweza kurekebishwa. Mvunjeni kwa adabu, mtieni chuma chake, kimkae barabara.

4. Kile kiungo chake cha mfupa mtakachokitoa, nipeni mie. Hakijatumika sana, maana huyu bwana kwa siku husema maneno manne, na mawili ni "shikamoo" na "marahaba". Kikinizidi au kikinipungukia, pigeni tupa. Hivyo kwa chuma kimoja mtakuwa mmewatengeneza watu wawili. Nitajieni hospitali ya mabepari iliyowahi kufanya hivyo.

5. Haraka yangu ni Jumamosi. Mie ni mshenga wa mpwa wangu Gaspar, tunakwenda Chanika kumposa Demetria. Wazee wa huko wanataka maneno, wameshamrudisha mshenga mmoja kwa kusalimia kifupi. Nisipoweza kusema, atasimama Kasiani. Atasema, "Tumekuja," halafu ataketi. Gaspar atazeeka peke yake, nanyi mtakuwa mmeua ukoo.

Naomba basi mtupangie kitanda kimoja, tutalala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pake.

Wasalimie wauguzi, wapishi, hata yule mlinzi aliyeniuliza mbona nanuna. Yustina anawasalimu pia, ingawa tangu Pasaka anasema nyumba imepata amani.

Ni mie mwananchi mwenzenu, mdomo umefungwa ila moyo wazi,
Gregori Chilumba

N.B. Daktari, usiyafuate hayo ya juu hata moja! Nilimpa Kasiani barua hii aitafutie bahasha, akaisoma yote. Nikangoja anitukane. Akakunja karatasi, akasema, "Shemeji, kama ndivyo utapata kusema Jumamosi, nipasuliwe tu." Maneno manane, sijawahi kusikia mengi hivyo kutoka kwake. Halafu akachukua shuka na sahani, akatoka. Nimeshindwa kumwita, mdomo wenyewe ndio huu, kwa hiyo nimemnyang'anya barua njiani niongeze haya, naye amekataa kabisa kurudi, anasema ataileta mwenyewe. Akifika mrudisheni na taya lake lote. Chanika aende akaseme "Tumekuja," nami nitakaa kando yake nitikise kichwa. Na asiondoke kwenu bila kula, hakunywa hata chai.