Tepu Nyeusi ya Ayoo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepanda Naguru asubuhi kuonana na Afande Opoka, polisi mstaafu, kuhusu picha za harusi ya binti yake Babra. Ni Jumamosi hii. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba ya kujisifu. Sikuitoa. Ukutani sebuleni palikuwa na picha, nikasahau hata kusalimia.

Ni Opoka mwenyewe, amesimama bandarini Port Bell, mabehewa yanaingizwa kwenye feri nyuma yake. Anacheka. Opoka! Mtu ambaye hata kwenye picha ya kitambulisho anaonekana kama anakukamata. Mwanga umemlalia shavuni kwa upole, na meno yake yote mabaya yanapendeza. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Aliyepiga ni Ayoo, mpiga picha mwenzangu wa Kansanga. Nilijua kabla ya kuambiwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Swali langu ni moja tu: vimeundwa kwa kamera gani?

Opoka kasema Ayoo ndiye mpiga picha mkuu wa harusi, na kwamba Ayoo mwenyewe ameomba msaidizi wake niwe mimi. Nimefurahi. Halafu nikashuku. Halafu nikafurahi tena.

Nafuna, mke wangu, hakufurahi wala hakushuku. Kanihesabia historia yangu huku akichambua mchele. Nilianza na Canon, nikaiacha kwa ajili ya Fuji, nikaiacha Fuji kwa ajili ya Sony, nikaiacha Sony hiyo kwa ajili ya Sony nyingine kubwa zaidi. Kila nikihama, eti, wateja nao wanahama. Kasema harusi hii ikiharibika, au nikibadilisha kamera tena, tunarudi Busia nikauze misumari kwenye duka la kaka yake, Odero. Nimeapa kwa jina la marehemu babu.

Kamalizia kwamba mchagua jembe si mkulima. Nimemjibu kwamba aliyesema hivyo hajawahi kupiga picha za harusi.

Jumanne, 5 Agosti

Tatizo ni tepu. Kamera ya Ayoo imefungwa tepu nyeusi kila mahali. Jina halionekani. Lenzi nazo zimefungwa. Imevalishwa koti la ngozi lililochakaa, ukiitazama huwezi kujua ni Canon, Sony, au redio ya babu yake.

Wapiga picha wote wa Kansanga tunabishana juu ya tepu hiyo. Wapo wanaosema chini yake kuna kamera ya Kijerumani iliyoachwa na balozi. Mimi nasema mtu hafichi kitu kisicho na siri.

Leo nimemkuta anakunywa chai karibu na stendi ya bodaboda. Nikamwuliza kwa ujanja, kama mtu asiyejali, kama betri zake hukaa na chaji. Kasema zinakaa. Nikamwuliza zinatengenezwa wapi. Akacheka sana, akaniagizia chapati. Ni mtu mwema kupita kiasi. Nimeila chapati yote na sijapata hata herufi moja ya jina.

Nimekwenda kwa Taban, anayeuza kamera za mitumba. Taban ananipenda kuliko wateja wake wote, na ana sababu. Nimemwuliza alimwuzia Ayoo nini. Kakunja mikono kifuani kama padri. "Ssebo, bwana wangu, siri ya mteja haitoki dukani." Kisha akaniuliza kama Sony yangu bado inaniridhisha. Mtu huyu anajua pa kuchokonoa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeipata! Naandika polepole ili nisikosee.

Babra alikwenda saluni Kansanga kujaribu mtindo wa nywele, na Ayoo akaenda kumpiga picha. Nami nikaingia kunyoa ndevu. Sina ndevu. Kinyozi kanitazama kidevuni, akanionea huruma, akanipaka povu hivyo hivyo.

Kiti changu kilielekea kioo kikubwa. Ayoo alikuwa nyuma yangu, nikimwona kiooni waziwazi. Alivyofanya kazi! Hakumwambia Babra atabasamu. Alimwuliza habari za shangazi aliyekataa kupaka rangi ya mdomo, Babra akaanza kusimulia, na katikati ya usimulizi Ayoo akabofya mara moja. Mara moja tu. Mimi ningebofya mpaka kadi ijae.

Kisha akabadilisha lenzi. Hapo ndipo nilipokaza macho. Majina unaweza kuyafunga tepu, mikono huwezi. Lenzi za Canon na za Sony hufungwa kwa kuzungushwa upande mmoja. Za Nikon huzungushwa upande wa pili. Mtu wa kawaida hawezi kuliona hilo. Nimeliona mimi, na povu machoni.

Kazungusha upande wa Nikon.

Nikon! Ndiyo maana mwanga unamtii. Nimemlipa kinyozi na kumshukuru kwa kuninyoa.

Ijumaa, 8 Agosti

Niliapa. Lakini niliapa kabla sijajua.

Taban alikuwa na Nikon moja, safi, na lenzi ndefu ya kuvuta karibu. Kachukua Sony yangu na lenzi zake zote kwa haraka iliyonipendeza. Hakuuliza kitu. Alinifungulia hata mlango.

Nyumbani nimeifunga Nikon tepu nyeusi pande zote. Nafuna aliuliza Sony imepatwa na nini. Nimesema naikinga na mvua. Katazama nje, jua kali, akarudi jikoni. Sasa naelewa faida nyingine ya tepu.

Kesho nitakuwa na kamera ileile, tepu ileile, karibu na mtu yuleyule. Sioni kitakachonizuia.

Jumamosi, 9 Agosti

Begi bado sijalifungua.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Tulikuwa kwenye bustani Kansanga, mahema meupe, na wastaafu wenzake Opoka wamejaa meza nne na viatu vinavyong'aa. Ayoo kanipokea kama ndugu. Kaona tepu yangu, akatazama yake, akatabasamu. Kasema yeye atakaa karibu na maharusi, mimi nikae mbali na lenzi ndefu. Kazi yangu kubwa ilikuwa moja: bibi harusi atakapompigia baba yake magoti na kumlisha keki, mimi nimvute Opoka karibu, uso ujae. Opoka mwenyewe alikuwa ameiomba picha hiyo. Alisema mbele ya watu kwamba anataka awe nayo uzeeni.

Muda ukafika. Babra akapiga magoti, sahani mkononi. Opoka akainama. Midomo ikaanza kumcheza. Nikashika pete ya lenzi, nikazungusha nimvute karibu.

Akaenda mbali.

Vidole vyangu, miaka yote hii ya Canon na Sony, vimezoea kuvuta kwa upande mmoja. Nikon huvuta kwa upande mwingine. Jana sikufikiria vidole. Nikazungusha tena, kwa nguvu zaidi, upande uleule. Opoka akawa mdogo kama njegere, bustani nzima ikaingia, mahema, mawingu, spika za muziki. Nikabofya kwa hofu tu. Nilipokumbuka kugeuza, keki ilikuwa imemezwa na Opoka anajipangusa makombo.

Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona Busia. Niliona misumari, ya bati na ya mbao, kwenye makopo yake.

Nimemweleza Ayoo pale pale, nyuma ya meza ya soda. Hakunigombeza. Kasema yeye ameipata ya karibu, na kwamba tutazame yangu kabla ya kulia. Nimekataa kutazama. Nimekuja nyumbani nikiwa nimekumbatia begi.

Nafuna kaniuliza imekwendaje. Nimesema kulikuwa na keki.

Jumapili, 10 Agosti

Ayoo kaja mwenyewe na kompyuta yake. Kaniomba kadi, akaiweka, akatafuta picha yangu ya aibu. Alipoifungua akasogeza uso karibu na kompyuta. Nafuna akaja na sahani mkononi, naye akainama kutazama.

Opoka yuko katikati, mdogo, keki mdomoni, binti miguuni pake. Na nyuma yake, kwenye zile meza nne, wastaafu wote wamesimama. Hakuna aliyewaamrisha. Wamesimama wima, mikono ubavuni, videvu juu, kama gwaride. Mmoja bado ameshika mfupa wa kuku. Sikuwaona jana. Hakuna aliyewaona, maana sote tulikuwa tunamtazama Opoka.

Tukampelekea Naguru. Opoka kaishika picha kwenye kompyuta kwa mikono miwili kama sinia. "Wewe Nyongesa, hii ndiyo mimi nataka ukuta. Ile ya Port Bell itaenda chumba." Kisha katoka nje, akasema anakwenda kuangalia kuku. Hana kuku.

Ayoo kafurahi kuliko mimi. Nimeona kwa macho yangu mtu akifurahia picha yake kushushwa ukutani. Sijui moyo kama ule unatengenezwa wapi.

Njiani nimeshindwa kuvumilia. Nimemwambia kwamba nilijua ni Nikon, nilimwona saluni. Kashangaa. Kaketi kwenye ukingo wa mtaro, akaanza kubandua tepu. Ilikuwa Canon.

Kioo! Kioo hugeuza kulia kuwa kushoto. Kila kinyozi anajua.

Lakini si hilo lililonikalisha chini. Chini ya kamera, karibu na mlango wa betri, kuna alama ya N iliyokwaruzwa kwa msumari. Nimeikwaruza mimi. Ni Canon yangu ya kwanza, niliyomwachia Taban kwa ajili ya Fuji.

Kanieleza bila aibu. Zamani, wakati yeye na mama yake wanakaa kwenye nyumba za polisi, nilimpiga mama yake picha akianika nguo, nikampa bila kudai kitu. Mama hakuwa mtu wa kucheka, na pale alicheka. Ayoo akasema hiyo ndiyo kamera. Aliposikia nimeiacha kwa Taban aliifuata siku hiyohiyo. Mwaka mzima wa kwanza alipiga watu bila vichwa. Kisha kidogo kidogo akaacha kuitazama kamera, akaanza kutazama watu. Tepu aliifunga kwa sababu wateja walikuwa wanaicheka kwa uzee. Kasema aliniomba harusini kwa sababu bado anajifunza kwangu, na kwamba siri ilikuwa jicho langu tangu mwanzo.

Ni mtu mpole sana. Anaficha ukweli ili asiniumize.

Ukweli uko wazi. Picha ya mama yake: Canon hii. Opoka akicheka: Canon hii. Wastaafu wamesimama: Nikon, ndiyo, lakini vilivyozungusha ni vidole vyangu, na vidole vyangu ni vya Canon. Nimemwomba tubadilishane, yeye achukue Nikon na lenzi yake, mimi nirudishiwe mtoto wangu. Kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Sijawahi kuwa na hakika hivi.

Jumanne, 12 Agosti

Nafuna kagundua. Sony haipo, Nikon haipo, na mezani kuna Canon kuukuu. Nimemweleza kwamba huku si kubadilisha, ni kurudi. Kaishika, akaigeuza, akaiona ile N. Kakumbuka. Ndiyo iliyompiga picha ya kwanza, alipokuwa anauza vitenge Kansanga na mimi najifanya napiga picha za barabara.

Kaipakata mapajani. Kasema basi, na iwe hii, hapa ndipo mwisho. Kampigia kaka yake kumwambia asubiri kwanza. Nilimpenda sana leo, nikamwambia.

Nikampiga picha palepale. Imetoka nzuri. Macho yake yote yamo.

Jumapili, 24 Agosti

Leo Ayoo kanitumia picha kwenye simu. Ya kwanza aliyoridhika nayo, kasema, tangu tubadilishane. Wanawake wanaanika dagaa huko Port Bell asubuhi, dagaa wanameta kama sarafu mpya, na mmoja anainua kichwa kumtazama mpigaji kana kwamba ameitwa jina lake. Ni picha nzuri kuliko ya Opoka. Ni nzuri kuliko picha yoyote iliyotoka mji huu. Nimekaa nayo kitandani nusu saa, machozi karibu.

Kisha nikaiangalia Canon. Nikaangalia tena dagaa.

Kapiga kwa Nikon. Nilikuwa sahihi tangu saluni!

Taban alikuwa ameniwekea moja chini ya kaunta, imefunikwa kitambaa. Kasema alijua nitakuja wiki hii. Nimeiacha Canon kwake, ile N ikinitazama.

Tepu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Nafuna kaiona mara tu nilipoingia mlangoni. Hakupiga kelele. Kachukua simu, akaenda uani. Baada ya muda mfupi shemeji Odero akanipigia kutoka Busia, sauti ya upole, kuniuliza koti la dukani anishonee saizi gani.

Nimempa saizi. Kisha nimemwuliza kama huko Busia kuna mtu anayeuza lenzi za Nikon.